Nyumba ya Kumi na Moja

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, bomba la zamani lilipasuka nyuma ya ukuta wa makaburi na maji yakafukua makaburi kumi na moja. Hakuna aliyekufa. Wote waliokuwa upande ule walikuwa wameshakufa tayari, isipokuwa binti yangu, aliyekuwa amesimama na jembe mkononi akipalilia kaburi la mama yake. Sanduku la mke wangu lilitoka, likasogea hatua tisa, likaegemea nguzo ya uzio. Afisa wa makaburi aliandika kwenye ripoti yake kwamba lilikuwa "limehama kidogo". Mimi nimehama mara nne maishani na sijawahi kuhama kidogo.

Saa hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kabla sijasema nani wa kulaumiwa, na nitasema, lazima nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hata wanaoiongoza hawaijui. Maji ya mji wetu hayajawahi kutosha mitaa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna mgao. Watu wanadhani mgao ni karatasi iliyobandikwa ukutani pale ofisini. Mgao ni mtu. Anaamka mapema, anabeba begani spana ndefu ya chuma yenye mpini uliokingama juu, anazungukia chemba sita, moja baada ya nyingine. Anafunua mfuniko, anaingiza spana, anazungusha koki. Huku anafunga, kule anafungua. Nilikuwa mtu huyo miaka thelathini na moja. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani isiyo na betri, na spana akaichukua binti yangu, ambaye alikuwa akinifuata chemba hadi chemba tangu ana miaka tisa. Kuzunguka na baba yake kulimfurahisha kuliko kuruka kamba.

Koki zote hufungwa kwa kuzungusha kulia. Namba sita hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Miaka ishirini na miwili iliyopita ile ya mwanzo ilikatika, na meneja wa wakati ule akanunua nyingine kwa mtu anayemjua yeye, na mtu huyo alikuwa na hiyo moja tu. Nilipoifunga mara ya kwanza mtaa mzima wa bondeni uliloa. Nikaenda kumwambia meneja kwamba koki inakwenda kinyume. Alikuwa mtu mnene, akasema ataliangalia. Akaja wa pili, mwembamba, akasema ataliangalia. Wa tatu alikuwa mcha Mungu, akaniombea, kisha akasema ataliangalia. Huyu wa sasa sisi wafanyakazi tunamwita Tutaangalia, na nadhani anajua.

Basi tangu wakati wa yule wa kwanza nilikuwa nimechora mshale kwa mkono wangu. Rangi nyekundu, juu ya mfuniko wa namba sita, ukielekea kushoto. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mshale ule hata ng'ombe angeusoma. Ulikaa pale miaka ishirini na mmoja. Halafu ikatangazwa kwamba kuna mgeni mkubwa atapita, na Tutaangalia akaamuru mifuniko yote ya chemba ipakwe rangi ya kijani. Ikapakwa. Mgeni alipita ndani ya gari, vioo juu.

Na kuhusu bomba lenyewe, lile linalotoka namba sita kupita nyuma ya makaburi, nilililaza mwenyewe nikiwa kijana. Kwa hiyo mke wangu alipofariki, na afisa wa makaburi akatupa nafasi upande wa chini karibu na ukuta, nilimwambia kwamba pale panapita bomba, na ni bomba bovu. Akaniambia nafasi ndiyo hiyo. Huko hospitali walikuwa wameniambia daktari bingwa yuko kwenye semina. Kila mkubwa aliyehusika na mke wangu alikuwa na jibu fupi. Nikaapa kwamba maadamu afisa yule anakaa kwenye kile kiti chake pale getini, mguu wangu haukanyagi makaburini. Miaka miwili sikukanyaga. Binti yangu alikuwa anakwenda peke yake.

Sasa mnaona jinsi kesi ilivyokuwa nzuri. Namba sita hufungwa mwisho. Koki nyingine zote zimeshafungwa, tangi lote linaitegemea hiyo moja. Binti yangu alifika, akazungusha kulia badala ya kushoto, akafungulia zaidi akidhani anafunga, na tangi zima likashuka kwenye bomba bovu. Kwa nini akazungusha kulia? Kwa sababu mshale haukuwepo. Kwa nini haukuwepo? Kijani.

Walimsimamisha kazi, wakaunda kamati. Watu wa kamati walikuwa watano, kila mmoja na chupa yake ya maji ya dukani. Nilikwenda nimevaa koti la harusi yangu, nikaomba kusema, na kwa kuwa walitaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana wakaniruhusu. Nikasimama mbele ya Tutaangalia nikamuuliza, siku ile saa nne na robo ulikuwa wapi? Akasema alikuwa kikaoni. Nikamgeukia mhandisi. Naye alikuwa kwenye kikao hicho hicho. Nikamuuliza afisa wa makaburi, siku ile ulikuwa wapi? Akasema alikwenda kunywa chai. Nikawaambia, haya, binti yangu peke yake ndiye aliyekuwa kazini, na yeye ndiye mnayemhukumu. Hata karani aliacha kuandika. Binti yangu alikaa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani, hakusema neno. Nilimwonea fahari kwa kunyamaza kwake.

Kamati ikaamua kwamba kosa lilikuwa la mfumo. Mfumo haufukuzwi kazi, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa. Binti yangu akarudishiwa spana. Makaburi kumi na moja yakahamishiwa upande wa juu, kwenye udongo mkavu, na nitakiri kwamba nafasi ile ni nzuri kuliko ya kwanza, ingawa sikwenda kuiona. Nilielezwa.

Nilidhani yamekwisha. Nilinunua hata betri ya ile saa.

Binti yangu anakaa na mimi, chumba cha uani. Baada ya kamati akaanza kurudi kazini akiwa amechelewa. Alipakua chakula, akaniwekea mezani, akala chake jikoni amesimama. Nikimuuliza ana nini anasema hana kitu. Nikamwambia ukishinda kesi unatakiwa unenepe kidogo. Akacheka kwa adabu, na kucheka kwa adabu ndani ya nyumba yako mwenyewe hakupendezi masikioni.

Aliyeniletea habari ni shemeji yangu, kaka wa marehemu. Shemeji ni kinyozi. Habari zote za mji zinapita chini ya mkasi wake, na tangu siku ya bomba alikuwa hajanisalimia vizuri. Siku ile ya kwanza kabisa alisimama uani kwangu akasema, "Shemeji, dada yangu ameelea," kisha akaenda zake. Hakurudi mpaka mwezi wa saba. Safari hii alikaa, akaomba maji, akanywa taratibu.

Akaniambia kuna mteja wake, ambaye kaburi la baba yake lilikuwa la tatu kutoka ukutani. Mteja huyo alikuwa anakatwa nywele huku akisimulia kwamba yule binti wa maji amekuja nyumbani kwao. Alibisha hodi, akakataa kiti, akasema mimi ndiye niliyemtoa baba yenu kaburini, si mfumo, ni mimi, nimekuja kuomba msamaha. Shemeji akauliza wateja wengine. Ikaonekana binti anakwenda nyumba moja moja. Wa kwanza walimsamehe wakamlazimisha anywe chai. Wa pili walimfukuza kwa ufagio. Nyumba ya tano walilia naye. Ya sita walimsikiliza mpaka mwisho, wakasema wamemsamehe, halafu wakamuuliza kama anaweza kuwaangalizia mita yao, maana inakimbia hata koki zikiwa zimefungwa. Akaiangalia.

"Nyumba kumi zote amemaliza," shemeji akasema. "Na kwangu alikuja, ingawa kwangu si katika hesabu, mimi ni mjomba tu. Nimemsamehe. Imebaki nyumba moja, shemeji."

Nikamuuliza ipi. Akaweka bilauri chini, akaniangalia kama anavyoangalia kichwa kisichojua kinataka kunyolewa vipi.

Sikumwelewa, au nilijifanya. Kilichonikaa kichwani ni kwamba mtoto anaibomoa kesi kwa mkono wake. Nyumba kumi! Habari ikimfikia Tutaangalia, atafukuzwa kesho yake, na safari hii si mfumo.

Aliporudi jioni nilimwambia asiende jikoni, akae. Akakaa.

"Mjomba wako anasema unazunguka kwenye nyumba za watu."

"Nazunguka, baba."

"Utafukuzwa kazi."

"Wakinifukuza watakuwa na haki."

Maneno hayo, wakubwa na haki kwa pamoja, hayajawahi kusemwa katika nyumba hii. Nikamkumbusha mshale. Nikamkumbusha rangi ya kijani, mgeni, vioo juu, yule mtu aliyeuza koki ya kinyume, mameneja wanne mmoja mmoja. Aliniacha nimalize. Alikuwa anakwangua kutu kwenye kucha, kutu isiyotoka hata kwa sabuni, kama kwenye zangu.

"Mshale ulifutwa mwaka mzima kabla ya siku ile," akasema. "Mwaka mzima nimeifunga namba sita kila asubuhi bila mshale. Mimi namba sita naijua tangu nina miaka tisa, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba koki ikifunga inakaza mkono na ikifungua inalegea, na kwamba hata kipofu hakosei."

"Ulisahau. Mtu husahau."

"Upande nilisahau, ndiyo. Nilikuwa na haraka. Lakini mzunguko wa nne mkono uliniambia. Nilisikia inalegea. Nikasema, nitaiangalia nikitoka kupalilia."

Neno hilo nimelisikia kwa mameneja wanne. Sikutegemea kulisikia kwa mwanangu.

"Na kwenye kamati mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongea vizuri," akasema. "Sijawahi kuona wakubwa wanakusikiliza. Nikashindwa kukukatiza."

Kisha akasema jambo alilokuja nalo, na alilisema pole pole, kama mtu anayesoma namba kwenye mita. Akasema nyumba kumi amekwenda, na kila nyumba walimjibu, hata wale wa ufagio walimjibu. Kwangu hawezi kuomba. Hawezi kuomba kwa sababu mimi sikubali kwamba amekosa. Kila akifungua mdomo namletea meneja. "Utanisamehe nini, baba, kama sijafanya kitu?"

Nikamwambia chakula kinapoa. Hakukuwa na chakula mezani.

Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nilikaa mlangoni nikafikiri, kazi ambayo wastaafu tumeachiwa. Nilijaribu kumkasirikia Tutaangalia na hasira haikukaa, iliteleza. Nikamjaribu afisa wa makaburi, nikamwona amekwenda kunywa chai yake, mtu mzima na kikombe. Nikamjaribu daktari wa semina. Wote walikuwa na makosa yao, na bado wanayo, sijawafutia hata moja. Lakini kila nilipomaliza kuwahesabu, alibaki mtu mmoja kwenye chemba, mkono wake unamwambia kitu, naye anachomoa spana. Na mtu huyo nilimfundisha mimi.

Nikamfikiria pia marehemu. Mke wangu alikuwa haniachii kitu. Nikirudi nikisema leo maji yamechelewa kwa sababu ya ofisi, alikuwa anauliza, na wewe je, ulitoka saa ngapi? Swali hilo nilikuwa silipendi. Tangu afe hakuna aliyeniuliza, na niliona hiyo ni nafuu pekee ya ujane.

Alhamisi niliamka mapema nikachukua kopo la rangi nyekundu na brashi, nikamwambia binti tunakwenda wote. Hakuuliza. Alibeba spana, mimi nikabeba kopo. Tulipita chemba ya kwanza, ya pili, ya tatu, yeye akizungusha, mimi nikihesabu kimoyomoyo, na mara mbili nilimwona midomo yake inahesabu pamoja na mimi. Watu walitusalimia. Mwenye duka la vipuri akasema leo maji yatakuwa mengi, wamekuja wawili.

Kwenye namba sita akafunua ule mfuniko wa kijani. Chini mlikuwa na harufu ile ile ya chuma na udongo. Akaingiza spana, nami nikaishika upande wa pili wa mpini. Tukazungusha kushoto. Mzunguko wa tisa ikaanza kukaza, wa kumi na moja mabega yangu yakaanza kulalamika, wa kumi na mbili ikagoma.

"Imefunga," nikasema.

"Imefunga," akasema.

Nikarudisha mfuniko, nikapiga magoti, nikafungua kopo. Nilikuwa nimeshachovya brashi aliposema, "Usinichoree, baba."

Nilibaki na brashi juu. Tone moja lilianguka kwenye kile kijani, tone tu, halielekei popote. Nikamwambia mshale si wake yeye, ni wa atakayekuja baada yake. Akasema basi atauchora yeye, siku nyingine, lakini leo nisimchoree. Nikafunga kopo. Magoti yangu hayainuki haraka, kwa hiyo niliyasema nikiwa pale chini, nikiutazama mfuniko.

"Ulikosea," nikasema.

Akasogea karibu.

"Wakubwa wana lao, na nitawaambia mpaka nife. Lakini hili ni lako. Ulisikia inalegea ukaiacha. Ukamtoa mama yako alikolala. Umekosa, mama, tena kosa kubwa."

Nilimwita mama kama ninavyomwita siku zote, maana amerithi jina la mama yangu, na nilipoinua kichwa alikuwa anatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia na hataki kuisahau. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na grisi. Akasema, "Ndiyo, baba. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe."

Sauti ilinitoka kama bomba siku maji yanaporudi: upepo kwanza, halafu kutu, halafu ndiyo maji. Alinishika mkono akaniinua. Tulisimama pale kidogo. Mtu wa baiskeli akatupigia kengele tumpishe, tukampisha.

Nilidhani tutarudi nyumbani. Lakini namba sita iko hatua mia nne kutoka geti la makaburi, na lile geti linaonekana ukisimama pale. Binti alifuta spana kwa kitambaa, akaiweka begani, akawa anatazama huko. Akasema Jumapili ile aliniomba twende wote tukapalilie kwa kuwa mama anatimiza miaka miwili. Jumatatu akaniomba tena. Jumanne asubuhi, amesimama mlangoni na spana, akaniomba mara ya tatu, akasema majani ni mengi, peke yake hatamaliza kabla jua halijawa kali. Akasema ndiyo maana alikuwa na haraka. Hakulisema kama mtu anayejitetea. Lake alikuwa ameshalitua, alikuwa anaangalia kilichobaki.

Mimi najua nilikuwa wapi. Baada ya yeye kuondoka siku ile, nilivaa viatu. Nikamkumbuka afisa pale getini, nikavua. Nikavaa tena. Nikavua kimoja. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kaburini ni mwendo wa dakika kumi na tano, na ningefika nikiwa na jembe la pili, na yeye angeweza kurudi kuiangalia namba sita. Hayo sijamwambia. Leo ni siku ya tisa tangu Alhamisi ile, anapakua chakula, tunakula meza moja, na anasubiri bila kunisukuma, kama alivyozisubiri zile nyumba nyingine mlangoni, amesimama. Viatu viko hapa, nimevipiga rangi. Aliniuliza mara moja tu, pale juu ya chemba, bila ukali wowote, swali lile lile nililowauliza wakubwa mbele ya kamati nikiwa nimevaa koti la harusi:

"Na wewe, baba, siku ile saa nne na robo ulikuwa wapi?"